Dawa ya Homa Yataka Jina la Mwanaume

Kama gazeti la juma lililopita mlifungia sukari kabla ya kulisoma, habari zangu ni hizi. Mimi ni Efrazia, mke wa Nikodemo, ambaye anachuma chai Kericho na kunitumia salamu. Ninakaa Nyarero, katika boma la baba yake, Mzee Mwikwabe, pamoja na mtoto wetu Matiko, ambaye bado ananyonya. Mmekwisha kusikia jinsi fisi alivyokula mbuzi wangu, jinsi nyumba yangu ilivyovuja mpaka kuku wakahamia kwa jirani, na jinsi nilivyotolewa kwaya kwa kosa la kuimba.

Nilidhani mikosi imechoka kunifuata. Kumbe ilikuwa imekaa kivulini inapumzika.

Naandika kwa uhuru, kwa sababu katika boma letu anayesoma gazeti ni mimi peke yangu. Kwa sasa.

Jumatatu Matiko alishikwa na homa.

Nilimfunga mgongoni nikaenda naye hadi dispensari. Dresa akamwekea kipimo kwapani, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha, akakunja uso kama mtu aliyevumbua nchi.

"Mama Matiko, mtoto ana joto."

"Najua, bwana. Nimelibeba tangu Nyarero."

"Ni malaria."

"Naomba dawa."

"Dawa imekwisha. Lori limekwama mtoni. Mpe maji ya kutosha, umlaze ndani ya chandarua."

"Chandarua nitakipata wapi?"

"Dukani kwa Mhindi, Musoma."

Akafunga kabati ambalo halikuwa na kitu, tena akalifunga kwa ufunguo.

Nilirudi nyumbani jua linachoma, mtoto anachoma zaidi ya jua. Mama mkwe wangu, Wegesa, alikuwa mlangoni anapepeta ulezi.

"Amechomwa sindano?"

"Hapana, mama. Amepewa ushauri."

"Ushauri." Akaacha kupepeta. "Huo unanywewa au unapakwa?"

Sasa hapa lazima niseme ukweli, najua wapo wasomaji wa mjini watakaocheka. Mzee Mwikwabe anajua kutibu homa. Anachemsha gamba na mizizi ya mti mmoja wenye miiba, miiba ambayo imekaa juu ya vinundu kama chuchu za mbwa anayenyonyesha. Jina lake hasemi. Ukimuuliza anasema "ule". Ni siri ya ukoo, siri kubwa, ila majirani zetu Wajaluo wanauita roko na kumwonyesha kila mpita njia. Siri ya mzee wangu inajulikana mpaka Sirari.

Lakini inatibu. Mwaka jana ilinitoa mimi mwenyewe chini ya ngozi ya ng'ombe, nilikokuwa nikitetemeka kama bati wakati wa upepo. Uchungu wake ukiumeza unasahau jina la babu yako. Nilitoka jasho, nikalala, nikaamka nikaomba ugali.

Msomaji utaniuliza, kama mti unaujua, kwa nini usiende kuchimba mwenyewe? Mti naujua. Kiasi sikijui. Mwanamke mmoja wa Genkuru alijipimia kwa kijiko cha werevu wake, akamzidishia mtoto. Mtoto alizikwa, mama akabaki na kijiko. Mimi kwa Matiko sibahatishi.

Kwa hiyo ilinibidi nimwombe mzee. Na hapo ndipo shida yetu ilipoanzia, maana kwetu mkamwana na baba mkwe hawaangaliani usoni. Yeye haingii nyumbani kwangu. Mimi sisemi naye ana kwa ana. Yeye huketi kwenye kigoda penye mlango wa zizi, ameipa nyumba yangu mgongo, na mimi hukaa ndani. Maneno hubebwa na Wegesa, anayesimama katikati, naye mzee humwita Tata, yaani baba.

Ningepata mbebaji mwingine ningemshukuru Mungu. Huyu kila akibeba neno, hulifikisha limenenepa.

"Mwulize mama wa mtoto," sauti ya mzee ikasikika kutoka zizini, "homa hii imetoka wapi?"

"Tata anauliza homa imetoka wapi."

"Mwambie imetoka kwa mbu, mama. Mwalimu Benedicto ametufundisha."

Wegesa akageuka, akapaza sauti. "Anasema imetoka kwa Mwalimu Benedicto!"

"Mbu!" nikapiga kelele, adabu nikaiweka kando. "Mbu, mama! Mdudu!"

"Aa. Anasema mbu."

Halafu zizini kikatoka kicheko kilichoshtua ndama.

"Mbu? Mbu wameniuma tangu kabla Mjerumani hajafika, na mimi huyu hapa. Mbu ana mgongo gani wa kubeba homa kubwa hivyo?"

"Tata anasema mbu hana mgongo."

"Mwambie anaibeba mdomoni."

"Anasema eti wewe unaibeba mdomoni!"

Nikaacha. Elimu ni kitu kizuri, lakini haipiti vizuri kwa mdomo wa Wegesa.

Mzee akakohoa kikohozi cha hukumu. "Mimi nitasema inakotoka. Homa ya mtoto anayenyonya hupitia kwa mama yake. Mama akilala na mwanaume wa nje, maziwa huharibika, na dawa ikikutana na maziwa hayo hugeuka maji ya mto. Siwezi kuharibu mizizi yangu. Amtaje mwanaume, nami nitachemsha."

Wegesa hakuongeza neno. Lilikuwa limenenepa tayari.

"Sina mwanaume wa nje," nikasema.

"Anasema hana."

"Basi na mimi sina moto."

Ndugu zangu, mlisikie vizuri jambo hili. Mtoto analia kwa sauti inayokwenda ikipungua, mizizi ipo, chungu kipo, kuni zipo, mtaalamu yupo. Kinachokosekana ni mwanaume. Nimeishi mwaka mzima bila mwanaume, na siku moja nahitajiwa kumtoa kama mtu anavyotoa chumvi jikoni.

Nilijua walikuwa wanamtaka nani. Sisi wanawake tunasoma kanisani, jioni, tukishamaliza kupalilia, mpaka jua linapogusa mlima. Ninarudi na kitabu kwapani. Kijiji chote kinaniona narudi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza juu ya kitabu. Huuliza tu juu ya mwalimu. Mwalimu Benedicto mwenyewe ni mtu mwenye kifua kibovu, anayeogopa mke wake na radi, kwa mpangilio huo.

Nikimtaja yeye, vijana wa ukoo watachukua rungu. Darasa litafungwa. Agustina, aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza juzi na kulifuta ili aliandike tena, atarudi kuchora msalaba. Nikimtaja mwanaume mwingine yeyote wa Nyarero, rungu ni lile lile.

Nikamtazama Matiko. Hakuwa analia tena. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyepotea anayeuliza njia, na njia naijua mimi.

Basi naungama mbele yenu. Niliamua kusema uongo, na niliutafuta uongo kwa makini kuliko nilivyowahi kutafuta ukweli.

Katika kitabu chetu cha kusoma kuna mtu anaitwa Simioni. Simioni analima mihogo. Analima ukurasa wa kwanza, analima ukurasa wa pili, na mpaka tulipofikia hajang'oa hata mmoja. Darasani tunamcheka sana. Nikasema, huyu ndiye. Hana mke wa kulia wala kichwa cha kupigwa rungu.

Sasa atoke wapi? Genkuru ni karibu mno. Nikafikiri Busawe, ng'ambo ya Mto Mara. Sijawahi kufika Busawe. Na mto ulikuwa umejaa, kwa hiyo hakuna wa kuvuka kwenda kumtafuta. Nilijisifu mwenyewe. Efrazia, nikasema, hii ndiyo faida ya masomo.

"Mama," nikamwita Wegesa. "Mwambie nitamtaja."

Wegesa akavuta pumzi kama mwanakwaya. "Anasema amekosa!"

"Sijasema nimekosa, nimesema..."

"Anasema amekosa sana! Analia!"

"Silii, mama."

"Anasema machozi yamemkauka!"

Wakati huo ua wetu ulikuwa umeota vichwa. Jirani zetu Kisyeri na Veronika walikuja kuazima moto, wote wawili, na vyungu vyao vikiwa vinafuka moshi huko kwao.

"Amtaje!" akasema mzee.

"Anaitwa Simioni," nikasema.

Wegesa akafungua mdomo.

"Wa wapi?" akaniuliza, polepole, akiwa ananitazama mimi na si zizi.

"Wa Busawe."

"Wegesa!" mzee akaita. "Umelala? Anasema nani?"

"Anasema..." Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepeleka habari ya msiba. "Anasema Simioni. Wa Busawe."

Bila chumvi. Bila kunenepesha. Nikadhani amenihurumia kwa aibu niliyoipata. Nikasema moyoni, kumbe mama huyu ananipenda. Siku ile nilimpenda sana.

Mzee alichemsha. Dawa ilipoa kwenye kibuyu, ikaletwa, nami nikamshika Matiko pua nikammiminia kama alivyoagiza. Mtoto wangu alinitazama kwa chuki safi kabisa, chuki ya mtu mzima. Baadaye jasho likamtoka shingoni. Nilikuwa sijawahi kufurahia jasho kama lile, nililipangusa kwa mkono nikajipaka. Akanyonya, akaniuma, nikacheka.

"Mnaona?" mzee akawatangazia vichwa vya uani. "Jina limetoka, homa imetoka!"

Nami nikasema, lakini kimoyomoyo, kwa sababu Wegesa alikuwa karibu: jina lile ni la mtu wa karatasi. Kama dawa imefanya kazi, imefanya kazi peke yake. Sina ugomvi na ule mti. Umesimama kwenye jua lake na miiba yake, unatibu mwema na mwovu, Mkurya na Mjaluo, aliyelala kwake na aliyelala kwingine. Mti haukuniuliza kitu. Aliyeniuliza ni bawabu aliyejiweka mlangoni pake.

Ningejua kunyamaza mpaka mwisho, habari ingeishia hapo. Lakini homa hii ya kwetu, wenye nayo wanaijua, haiondoki kwa kunywa mara moja. Huenda, ikazunguka, ikarudi kama mgeni aliyesahau fimbo yake ndani.

"Dawa ya kwanza imempoza," mzee akatangaza. "Dawa ya kung'oa bado. Hiyo nitaipika, lakini haitoki jikoni mpaka mwanaume mwenyewe alete kondoo, achinjwe hapa, tusafishe nyumba."

"Anasema..." Wegesa akaanza.

"Nimesikia, mama. Mwambie mto umejaa."

"Na mimi nasema mto umejaa!" Wegesa akamgeukia mzee kwa ukali ambao sikuwahi kuuona. "Unataka mtu afe maji kwa ajili ya kondoo? Mwacheni mtu wa watu!"

"Mto umejaa," mzee akakubali, "lakini habari inajua kuogelea."

Siku ya mnada wa ng'ombe akaituma. Aliyepewa alimpa mwingine, na kila aliyeipokea aliikamua kidogo. Mimi nililala kwa amani. Habari ingefika Busawe, ingeuliza Simioni, ingeambiwa hayupo, ingerudi. Huku nyuma nilipanga kumlilia mzee mpaka aitoe.

Homa ikarudi siku yake. Matiko akaanza tena kutetemeka, meno yake machache yakigongana, na mara hii alikuwa mwepesi mikononi mwangu, kama furushi la nguo. Nikaona uongo wangu hauna tena kazi. Nikamvuta Wegesa ndani.

"Mama, nakuomba unisikilize. Simioni hayupo. Nilimtoa kitabuni."

Akanishika mkono mpaka ukaniuma.

"Kitabu gani? Ameandikwa?"

"Ndiyo, mama. Cha kusomea."

"Nani ameandika? Kinasema nini?"

"Kinasema analima mihogo."

"Na nini tena?"

"Basi. Mihogo tu."

"Kisome vizuri, Efrazia. Mihogo tu?"

"Mihogo tu, mama, mpaka ukurasa tuliofika."

Akashusha pumzi ndefu, akaniachia mkono, akarekebisha shanga zake. "Hicho kitabu," akasema, "usikiendeleze."

Nilikuwa bado naitafakari amri hiyo wakati mbwa walipobweka.

Mlangoni mwa boma alisimama mwanaume. Nguo zilikuwa zimelowa mpaka kifuani na zinachuruzika. Mabegani alikuwa amebeba kondoo, naye kondoo amelowa pia na hakupendezwa. Hakuwa kijana. Nywele zilikuwa nyeupe kama za mzee wangu, na masikio yake yaliyotobolewa yalikuwa yananing'inia kama ya rika la mzee wangu.

"Mwikwabe, mko?"

"Tuko. Nani?"

"Simioni. Wa Busawe."

Nikakaa chini. Mtu wa karatasi alikuwa amevuka Mto Mara na alikuwa anapiga chafya.

Mzee akainuka kutoka kwenye kigoda. Akamzunguka yule mgeni kama mnunuzi anavyomzunguka dume mnadani.

"Wewe? Tulitahiriwa mwaka mmoja, mura! Na mzigo huu unaukubali?"

"Nimeambiwa mnadani kwamba mke wa boma hili ametaja jina langu mbele ya watu, na kwamba mtoto anaumwa kwa ajili hiyo." Akamshusha kondoo. "Ningeweza kukataa. Lakini mimi nimezeeka, na damu ya mtoto sitaki kufa nayo. Ni kweli. Ni jambo la zamani, lakini ni kweli."

"La zamani?" Mzee akakunja uso. "Mtoto hajaota hata magego. La zamani lipi?"

"Zamani, Mwikwabe. Kabla ya ile njaa ya nzige."

Wakati wa njaa ya nzige mimi nilikuwa sijazaliwa.

Kule uani vichwa vilianza kuhesabu. Nilisikia Kisyeri akinong'ona na Veronika akimziba mdomo, ili asikie vizuri. Mzee mwenyewe hesabu hiyo hakuwa ameifikia bado. Alikuwa anamtazama kondoo. Kondoo alikuwa mnono, na kwa mzee wangu kondoo mnono huchelewesha fikra.

"Basi, ya zamani au ya jana, umeleta," akasema. "Wegesa! Dawa iko jikoni, imepoa. Pima, umpelekee mtoto. Halafu mwulize mkamwana, mbele ya watu wote, kama mwanaume wake ndiye huyu. Akisema ndiye, mtoto anywe. Akisema siye, imwage, maana itakuwa tumechezewa."

Wegesa alichota dawa kwa kibuyu. Alitembea kutoka jikoni hadi mlangoni kwangu akiwa ameinamisha uso, na yule mzee wa Busawe akamfuata kwa macho hatua kwa hatua, kama mtu anayesoma kitabu alichokisoma ujanani.

Halafu akanitazama mimi. "Na huyu binti," akauliza bila ubaya wowote, "ni nani?"

"Humjui?" mzee akaruka.

"Macho yake!" Wegesa akapaza sauti, ile sauti yake ya zamani, nono. "Macho yake yamekwisha, baba watu! Anauliza mtoto! Anasema mtoto huyu ni nani, amekua!"

Akaingia ndani, akapiga magoti mbele yangu. Matiko alikuwa mapajani mwangu, midomo imekauka na kupasuka, macho yamefunguka nusu. Wegesa akaweka kibuyu karibu na mdomo wake, karibu kabisa, asikiinamishe.

"Tata anauliza," akasema kwa nguvu, ili nje wasikie, "ndiye huyu?"

Kisha kwa sauti ya chini, na mara hii hakuwa anabeba neno la mtu:

"Sema ndiye, mwanangu. Sema ndiye, nimnyweshe."

Niliwaza Kericho, na habari inayojua kuogelea. Nikimpokea mzee huyu aliyelowa kuwa hawara wangu, Nikodemo hatakuja kumwona mwanawe tena. Nikimkataa, dawa inamwagika, na yule mama aliyepiga magoti atatolewa bomani kabla kondoo hajakauka.

Nje kondoo alilia. Dawa ilikuwa ikitikisika ukingoni mwa kibuyu.

Matiko, ambaye hajui desturi ya mtu yeyote, aliisikia harufu ile chungu akafungua mdomo.

Nami nikafungua wangu.